Adui wa Kushoto Yuko Kulia

Nani alikudanganya kwamba mwanamke wa miaka hamsini na miwili hawezi kusikia hatua za mtu anayemvizia? Kama ulijidanganya mwenyewe, kaa kitako nikusimulie habari za mama yangu mdogo.

Ni fundi cherehani. Chumba chake kiko ghorofa ya kwanza, na mlango wake unatazamana na wa ukumbi wa gemu. Mimi niko chini yao, kwenye kibanda cha kutengeneza simu na redio, na stashahada yangu ya elektroniki iko ukutani juu ya msumari ambao wateja hutundikia kofia. Miaka miwili iliyopita mama mdogo alivuka korido kwenda kuwaambia vijana wapunguze kelele. Akasimama nyuma ya kiti cha mmoja wao, mikono kiunoni, akatazama kidogo, kisha akasema, "Yuko nyuma ya pipa, huyo."

Kweli alikuwa nyuma ya pipa.

Tangu siku hiyo, akimaliza kazi za asubuhi, huvuka korido na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, anacheza kwa muda wa saa moja. Gemu yenyewe ni ya kufyatuliana risasi: watano kwa watano, kila mtu na kompyuta yake, wapinzani wako mji mwingine, hamjuani. Mnatafutana ndani ya majumba mabovu na vichochoro, na hapo macho hayakusaidii sana. Anayesikia hatua za mwenzake kwanza ndiye anayeishi. Vijana walimbatiza jina Sindano, kwa sababu anachoma mara moja na hujui imetokea wapi.

Mwezi uliopita Meneja wa ukumbi alitangaza kwamba timu yetu itaingia mashindano ya kumbi zote, yatakayoonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Viti vinne vilishapata wenyewe. Cha tano kiligombewa na watu wawili: mama mdogo na Kombora, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye, kwa bahati njema sana, ni shemeji yake Meneja. Ikaamuliwa wafanye jaribio Jumamosi, wawili peke yao, wa kwanza kufikisha kumi ndiye mshindi.

Lakini Alhamisi, siku mbili kabla, Meneja alimpelekea mama mdogo kazi ya kushona fulana tano za timu. Nilikuwepo, nilikwenda kumrekebishia taa.

"Vipimo vya wanne hivi hapa," Meneja alisema. "Ya tano mkatie Kombora."

"Jaribio si Jumamosi?"

"Aa, Fundi, lile ni la kutimiza utaratibu tu. Watu watatuangalia. Tukimweka bibi pale mbele..."

"Bibi wa nani?" mama mdogo akauliza, pini tatu zimo mdomoni. "Wajukuu wangu wako wapi? Nionyeshe hata mmoja."

Meneja akacheka, akatoka, akashuka ngazi. Mama mdogo akakunjua kitambaa, akashika chaki.

Jumamosi saa nne asubuhi wakakaa, mmoja kona hii, mwingine kona ile. Kanuni za mashindano zilitaka kila mchezaji atumie hedifoni mpya zilizoletwa na waandaaji: kubwa, nzito, zenye taa nyekundu masikioni. Mama mdogo akavua hedifoni yake ya zamani, nyeusi, ile ambayo sponji yake ilipochanika aliivalisha bitana ya koti, akavaa hiyo mpya.

Alipigwa kumi kwa moja.

Na hiyo moja Kombora alianguka ghorofani mwenyewe. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mama mdogo anasikia, anageuka haraka kama kawaida yake, anafyatua, na risasi zote zinakwenda ukutani. Kombora anampiga mgongoni.

"Fundi anashona ukuta!" mmoja akapiga kelele. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Meneja akatikisa kichwa kwa huruma ya kuigiza. "Masikio nayo yana umri, Fundi. Si kosa lako."

Nimesoma vya kutosha kujua kwamba mtu asiyetakiwa huhukumiwa kwanza, kasoro yake hutafutwa baadaye. Nikapanda juu ya kiti. Nikasema kwamba hedifoni zile hazijakaguliwa na mtu yeyote, kwamba jaribio la namna ile ni dhuluma, kwamba ukumbi huu unaishi kwa fedha za vibarua na mafundi kisha unawaona aibu. Nilisema mengi. Mtu mmoja aliniomba nishuke, kiti kilikuwa chake.

"Haya, msomi, kagua," Meneja akasema. "Saa nane mnarudia mara moja, na hiyo ndiyo itakayoamua. Nisisikie tena kelele."

Nikaanza. Pini ya hedifoni ilikuwa imechomekwa tundu la mbele la kompyuta, na tundu lile lilikuwa na mvumo mwembamba kama wa mbu. Nikaihamishia nyuma, mvumo ukaisha. Nikafungua mipangilio ya sauti. Nikakuta ile sauti ya kuzunguka, inayomfanya mtu ajione kama amezungukwa na spika, imewashwa mara mbili: hedifoni inaitengeneza, na gemu nayo inaitengeneza juu yake. Ni kama kutia sukari kwenye chai iliyokwisha tiwa sukari. Hatua za miguu zilikuwa zinasikika kila mahali, yaani hazisikiki popote. Nikaizima ya hedifoni, nikabakiza ya gemu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nikafanya hivyo kwenye kompyuta zote.

Kombora akajaribu. "Ee bwana! Sasa nasikia hata mtu akibadilisha risasi."

Yaani nilikuwa nimemnoa adui.

Mama mdogo akajaribu. Sauti safi, akasema, nzuri kabisa. Akageuka, akapiga ukuta.

Ikiwa saa sita na nusu sikuwa na la kukagua tena. Nikachukua hedifoni yake kuukuu, nikaichomeka ili nilinganishe uzito wa sauti tu, nikacheza lile jaribio dogo la kompyuta: mlio wa kushoto, kisha mlio wa kulia. Mlio wa kushoto ukanijia sikio la kulia.

Nikarudia. Ukaja kulekule.

Nikaugeuza waya, nikaangalia karibu na pini. Mwaka jana waya wa hedifoni ile ulikatika karibu na pini, na aliyeulehemu ni mimi. Naikumbuka siku yenyewe. Nilikuwa nabishana na muuza vocha kuhusu haki ya vibarua kulipwa siku za ugonjwa, mkono mmoja umeshika chuma cha moto, mwingine unamnyooshea kidole. Mjadala nilishinda. Waya nikazipishanisha.

Nikavuka korido. Alikuwa anapindua mkono wa fulana.

"Mama mdogo, kosa ni langu." Nikamweleza yote. "Mwaka mzima umekuwa ukisikia kulia kinachotoka kushoto. Umejifunza kugeukia upande wa pili. Sasa hizi mpya ziko sawa, ndiyo maana unageukia ukuta. Lakini mwaka mzima, hukuona ajabu?"

"Ajabu gani?" Akanionyesha fulana iliyokuwa mkononi, mishono yote iko nje. "Nguo naishona ndani nje. Mkono wa kushoto uko kulia mpaka uipindue. Miaka thelathini. Nikasema basi, na gemu nayo wameipindua."

"Nipe nusu saa. Nifungue ile mpya nizigeuze waya."

"Usiguse mali ya watu na hiyo stashahada yako." Alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka. "Ameniambia masikio yangu yamezeeka. Mbele ya watoto wale. Twende."

Saa nane akakaa. Akaichukua ile hedifoni nzito, akaigeuza, akavaa upande wa kushoto sikio la kulia. Kijiti cha maiki kikaangalia kisogoni. Akakizungusha mpaka kikafika mdomoni.

Meneja akaja mbio. "Fundi, umevaa kinyume."

"Najua."

"Alama ya kushoto iko sikio la kulia!"

"Nimeiona. Au macho nayo yamezeeka?"

"Vaa kama watu! Tutachekwa. Kuna kanuni hapa."

Nilikuwa nazo kanuni mfukoni, nilizichapisha tangu Ijumaa. Nikasoma kwa sauti: mchezaji atatumia hedifoni iliyotolewa na waandaaji. Nikageuza ukurasa, nikasoma na nyuma. "Sikio gani, hawakuandika."

"Wewe usipande kiti," Meneja akaniambia.

Wakaanza. Kombora si mchezaji mbaya, na sasa alikuwa anasikia vizuri kwa msaada wangu. Akachukua mbili za kwanza. Kisha mama mdogo akatulia, kidevu kimeinama kidogo kama anapotunga uzi. Kombora akanyata kwenye ngazi ya jengo la pili. Sisi tuliokuwa nyuma yake tuliona buti zikipanda taratibu. Kwenye kona ile nyingine mama mdogo akageuka bila haraka, akangoja, akachoma. Akachoma tena kichochoroni, tena mlangoni. Waliocheka asubuhi walikuwa wamehamia nyuma ya kiti chake. Ikaisha kumi zake kwa sita za Kombora.

Hakushangilia. Akavua hedifoni, akaukunja waya wake vizuri, akamtazama Meneja.

Meneja akakohoa. "Mchezo mzuri. Timu lakini naipanga mimi. Nitatoa jibu kesho asubuhi."

Nikafungua mdomo. Mama mdogo akanikanyaga mguu.

"Sawa," akasema. "Na mimi kesho asubuhi naleta fulana."

Jumapili saa tatu nilikuwa ukumbini kabla ya Meneja kuketi. Wale wanne walikuwepo, na Kombora alikuwa kwenye kiti cha tano. Tukasikia mlango wa ng'ambo ya korido ukifunguliwa. Mama mdogo akaingia na mfuko, akauweka juu ya meza. Meneja akatoa fulana moja moja. Zilikuwa nne.

"Ya tano?"

Mama mdogo akageuka kumwonyesha mgongo. Alikuwa ameivaa. Ilimkaa sawasawa mabegani, na chini ya utepe wa kupimia jina lilikuwa limedariziwa kwa uzi mweupe: SINDANO.

"Nilikuambia ukate ya Kombora! Jibu sijatoa! Umeishona saa ngapi hii?"

"Niliikata Alhamisi," mama mdogo akasema. "Ulipokuwa unashuka ngazi."

Meneja akamtazama shemeji yake, akisubiri amsaidie kusema. Kombora akainuka kwenye kile kiti. Akaifuta hedifoni kwa pindo la shati, akaigeuza kushoto kwenda kulia, akampa mama mdogo.