Vidonge Vilivyobaki Gitega

Asubuhi ile ya Muyinga haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa sasa nina wajukuu wanne na mengi nimeshayasahau. Nilishuka kwenye basi kutoka Gitega nikiwa na mimba yangu ya kwanza, ya miezi mitano, nimekuja kwa shangazi yangu Mwamini, aliyekuwa akimwoza binti yake. Kutoka stendi hadi kwake ni kilima kimoja tu. Nilisimama mara nne. Moyo ulinidunda hadi masikioni, na mbele ya macho niliona vinyota. Shangazi, aliyekuja kunipokea ingawa alikuwa ameshapita miaka sitini, alijitwika begi langu kichwani akapanda huku akisalimia majirani.

Tulipofika hakunikaribisha hata chai. Alinikalisha mlangoni penye mwanga, akalivuta kope langu la chini kwa kidole gumba, akatazama.

"Ndani kweupe kama unga wa muhogo," akasema. "Gitega hawakukupima?"

"Walinipima, Shangazi. Wakanipa vinini vya kuongeza damu."

"Viko wapi?"

Hapo nikainamisha kichwa. Vidonge vile vilinichafua tumbo siku tatu za kwanza, nikaviacha. Sikumwambia muuguzi, sikumwambia hata mume wangu Hamisi. Tulikaa Yoba, mtaa wa Gitega, wakati ule. Nilikuwa fundi wa nguo, nikiketi kwenye mashine tangu asubuhi hadi jioni, na chakula changu kilikuwa chai ya maziwa na mandazi, mara tatu kwa siku. Maharage na mboga ya lengalenga niliviona vyakula vya watu wa milimani. Ujana, mwanangu, una majivuno ya ajabu. Tena nilikuwa nikitafuna udongo kwa siri, sikujua kuwa ni mwili wenyewe unaolalamika.

"Viko kwenye droo ya mashine yangu ya kushona," nikasema.

Shangazi aliniachia kope. "Basi mashine itazaa vizuri," akasema taratibu. "We ndiyo sijui utafanya je."

Wasichana waliokuwa wakichambua mchele wa harusi walicheka. Mimi nililia. Kisha, kwa kutaka kujitetea, nikafungua begi nikamwonyesha chupa ya dawa tamu nyekundu niliyouziwa na mama mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba. Aliniambia inasafisha figo, inaamsha ini, inaleta damu, na kijiko kimoja kinatosha badala ya sahani ya mboga. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi methali nilizijua kwa kuzitamka tu.

Kesho yake, harusi ikiwa imebaki siku mbili na nyumba imejaa wageni, Shangazi aliacha kila kitu akanipeleka zahanati, chupa ikiwa mkononi mwake. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyeharakisha maneno. Alinitoboa kidole, akapima.

"Damu iko chini sana," akasema. "Ikibaki hivi, siku ya kuzaa ukipoteza kidogo tu, inaweza kuwa hatari kwako na kwa mtoto. Lakini miezi tuko nayo. Tunaweza kuipandisha."

Akaigeuza chupa yangu huku na huku. "Hapa hawakuandika ndani iko nini. Mi siwezi kukuambia umeze kitu nisichokijua. Iache."

Nikamweleza jinsi vidonge vilivyonichafua tumbo. Hakunigombeza. Alinipa vingine, akasema nimeze baada ya kula kidogo, kwa maji ya machungwa au ya matunda ya maracuja, na chai niiweke mbali, angalau saa mbili, kwa sababu chai huizuia dawa ile isiingie mwilini. "Na kikikusumbua, rudi uniambie," akasema. "Usikifiche."

Harusi ikapita, wageni wakaondoka, mimi nikabaki. Shangazi alimpigia Hamisi simu akamwambia mke wake atarudi akiwa na damu. Hamisi alitaka kujua ni lini. Shangazi akamjibu kwamba damu haina ratiba ya basi.

Nikaanza kula kwa adabu. Maharage na lengalenga mchana, samaki wadogo wa ndagala waliokaangwa na nyanya, yai, avoka, na maini siku yakipatikana. Wiki ya kwanza tumbo lilinisumbua, nikarudi kwa muuguzi, akanipangia saa nyingine ya kumeza, nikapona. Kila alfajiri Shangazi alinitembeza, mwanzo hadi msikitini tu, baadaye mbali zaidi. Saa tatu usiku taa ilizimwa, nitake nisitake. Siku moja nikagundua kwamba hamu ya udongo imeondoka bila kuaga.

Baada ya mwezi mmoja na nusu muuguzi alipima tena. Safari hii alinionyesha mwenyewe kile kifaa cha kupimia. "Soma," akasema. Nikasoma: damu ilikuwa imepanda. Shangazi, mtu asiyecheka ovyo, alinishika mkono pale pale mbele ya wagonjwa akaanza kupiga vigelegele, na kina mama wote waliokuwa foleni wakamwitikia bila kujua tunashangilia nini.

Nilijifungua Gitega. Na damu ilitoka, mwanangu, ilitoka kweli, nikawaona waliokuwa wakinihudumia wakiharakisha mikono. Waliidhibiti. Mmoja wao akaniambia, "Ulikuja na akiba, mama. Bila hiyo tungekuwa tunaongea mengine." Siku ya pili nilisimama kwa miguu yangu, nikambeba binti yangu mwenyewe hadi mlangoni alipokuwa Hamisi. Tulimwita Mwamini, jina la Shangazi.

Sasa nisikilize. Jana umenionyesha kwenye simu tangazo la unga wa kusafisha mwili mzima, ukaniuliza kama ununue. Sikukujibu kwa sababu nilitaka kwanza ujue nilikotoka. Mimi sichukii vidonge, vidonge viliniokoa. Lakini vilitolewa na mtu aliyepima kwanza, akaniambia ni nini na nivimeze vipi. Basi pima kabla ya kununua. Mjulishe muuguzi kila unachomeza, na kinapokuchafua tumbo mwambie, usinyamaze kama mimi, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Usidharau mboga ya nyumbani kwa kuwa haina karatasi ya rangi. Tembea, mwanangu, na ulale mapema. Figo, ini na moyo havikuombi makubwa; vinakuomba kidogo, kila siku.

Mwenyezi Mungu akupe damu nzito na usingizi mwepesi kukujia, akujaalie miguu isiyochoka na sahani isiyokauka, na akuzeeshe uwaone wajukuu wako wakikimbia, nawe ukiwafukuza.