Kifaa cha Mguu Nilichokibanika Kama Sato

Nilikibanika kifaa cha mguu cha mdogo wangu juu ya jiko la mkaa, nikakigeuza huku na huku kama samaki sato, kisha nikakikunja. Hayo ndiyo mafanikio yangu makubwa ya kidato cha tatu.

Mdogo wangu alizaliwa na mgongo wazi. Anatembea, lakini nyayo zake hazihisi kitu na vifundo vimelegea, ndiyo maana kliniki walimpa hicho kifaa cha plastiki kinachoshika unyayo na kupanda hadi chini ya goti. Shida ilikuwa moja: goti lilitazama mbele, kidole gumba kikatazama pembeni, ziwani. Mama mmoja jirani, bingwa wa magonjwa yote ya mtaa wetu wa Pasiansi, akasema kifaa kimetengenezwa kombo. Nami, bingwa mwenzake, nikaamini. Kwetu beseni likipasuka tunaliziba kwa kisu cha moto. Plastiki si plastiki tu?

"Kaka, kinanukia," mdogo wangu akasema. "Utakitia ndimu?"

"Nyamaza. Kesho unatembea kama mwanajeshi."

Na kweli kidole kikatazama mbele. Akaenda nacho shule. Jioni mama yetu akamvua soksi, ikatoka na damu. Ukingo nilioukunja ulikuwa umemchimba kisigino, na mwenyewe alikuwa anatusimulia vituko vya mwalimu wa hesabu. Kidonda kwenye mguu usiohisi ni hatari. Kikioza, mguu unaweza kukatwa. Mama alilijua hilo siku zote. Mimi nililisikia kliniki, asubuhi yake.

Mtaalamu wa vifaa pale kliniki alikiinua kifaa kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa.

"Shikamoo," nikawahi.

"Marahaba, fundi."

Akamkalisha mdogo wangu kitandani, akanionyesha. Mfupa wenyewe ndio umejisokota, kuanzia chini ya goti. Kifaa kinashika kifundo, hakinyooshi mfupa. Mguu ukishajisokota, hata kifaa kizuri kinasukuma upande, na goti linazidi kukunjika. Huo msokoto ni wa daktari wa mifupa kuupima, si wa jiko. Lakini kwanza kidonda kipone, na mpaka hapo asikanyage chini.

"Kwa hiyo siendi shule?" mdogo wangu akauliza.

"Utabebwa," nikasema.

"Sawa. Nilikuwa sina punda."

Mama hakucheka. Tulipotoka getini, mtoto mgongoni kwangu, akasema: "Kila jioni utamvua soksi wewe, umkague nyayo zote mbili. Macho unayo. Akili tutaisubiri."