Siku Niliyotakiwa Kujisifu

Nimewaandikia watu wasifu wa kazi hapa Somanga kwa miaka tisa. Sasa umri umenitoa haya, kwa hiyo nasema wazi: niliowaandikia karibu wote waliitwa kwenye usaili. Waliovurunda huko mbele, hayo ni yao.

Kibanda changu cha steshenari kipo kando ya barabara kuu, na nyuma yake ndipo ninapolala. Mtu anakuja na vyeti vyake kwenye bahasha, anaanza kulia: "Dada, mimi sina uzoefu wowote." Ala! Huna uzoefu, wewe uliyekaanga samaki kituoni tangu umalize shule? Namkalisha, namhoji mpaka ananikasirikia. Yule wa samaki nilimwandikia kuwa anahudumia wateja na kutunza mapato bila kusimamiwa. Mwingine alikuwa akipanga safari za boti za Songo Mnara, nikaandika uratibu wa usafiri. Chumvi sikuongeza hata punje.

Basi wakipata kazi wanaondoka. Geita, Songea, Katavi huko. Wiki ya kwanza anapiga simu, ya pili anatuma meseji, ya tatu kimya. Siwalaumu. Uongo, nawalaumu sana. Mume wangu naye alikwenda Mtwara kutafuta maisha, akayapata, na mke juu. Watoto sikujaaliwa. Jioni nafunga mlango, napika wali wa mtu mmoja, nala huku nasikiliza mabasi yakipita. Upweke unauma jamani, asikudanganye mtu.

Ndipo likatoka tangazo la msaidizi wa kumbukumbu wa halmashauri. Kazi hiyo naijua. Kabla ya steshenari nilikuwa na mkataba wa miaka sita kwenye masijala ya ofisi moja, na jalada lolote ukilitaja nilikuwa nimeshalitoa kabla hujamaliza kukohoa. Mshahara niliutaka, nani asiyeutaka? Lakini zaidi nilitaka meza ndani ya chumba chenye watu, chai ya saa nne, na mtu wa kuniuliza, "Jana mbona hukuja?" Tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Mimi nilikuwa na miezi michache tu ya kufika hapo. Ilikuwa hiyo au basi tena.

Wasifu wa mteja naumaliza asubuhi moja. Wangu ulinichukua siku tano. Naandika "nina uwezo mkubwa", natazama mlangoni kama kuna mtu, nafuta. Mwishowe nikajifanya kwamba namwandikia mwanamke fulani aliyekuja na bahasha yake, na ukatoka mzuri. Nikaitwa Lindi kwa usaili.

Hapa lazima niwaambie nilivyolelewa. Kwetu ni Milola, wakulima wa korosho. Mwaka mmoja tulivuna mpaka magunia yakaingia chumba cha kulala, tukawa tunayaruka kwenda kitandani. Jirani akapita kumuuliza mama yangu kuhusu mavuno. Mama akasema, "Ah, tunaokoteza tu." Jirani akamjibu, "Acha bwana, mbona tunasikia mmejaza nyumba?" Mama akakana tena, jirani akasisitiza, na mara ya tatu ndipo mama akacheka na kumshukuru Mungu. Anayetangaza chake mara ya kwanza anajiitia kijicho, na tena hana adabu. Mama alikuwa akituambia, kizuri chajiuza.

Lindi waliketi watatu, na mwenyekiti wao alikuwa msichana, angeweza kuwa binti yangu. Nilipoingia akasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, na hapo hapo nikasahau kwamba niko mbele ya serikali.

"Tueleze, mama. Katika kazi hii ya kumbukumbu, wewe ni hodari wa nini hasa?"

Nikacheka kidogo, nikainamisha macho. "Ah, mwanangu, najaribujaribu tu."

Kisha nikasubiri. Nilisubiri aseme, "Acha hayo mama, mbona hapa imeandikwa miaka sita?" Ningekana tena, angesisitiza, nami ningefungua kinywa wanikome. Yule binti akainama akaandika. Wenzake wakaandika. Kalamu zikasimama.

"Una la kuongeza, mama?"

Maneno yote niliyowahi kuwaandikia watu yalikuwa kichwani, na hata moja halikutoka. Nikasema, "Hapana, nashukuru." Lo, mimi huyu! Mimi ninayewafokea wateja wangu kwa jambo hilo hilo! Nikatoka nje, nikasimama juani, nikawa naitaja masijala yangu yote peke yangu kama mwehu, namna nilivyopanga majalada, namna nilivyofufua yaliyoliwa na mchwa. Wapita njia wakanipisha.

Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, langu halikuwamo. Niliyasoma mara tatu, kisha nikampigia mama Milola.

"Kwani walikuuliza nini?"

"Waliniuliza mimi ni hodari wa nini."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia najaribujaribu tu."

Nikasikia sauti yake imechangamka, kwa furaha ya kweli kabisa.

"Ulisema vyema, mwanangu. Hata kama hawakukupa, wameona kwamba kwenu ulifunzwa."

Nilikuwa nalia, nimeiweka simu mbali na mdomo asinisikie. Nikamwambia, "Asante, mama," maana mwaka mzima ule hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenisifu.