Siku Letisia Alipofunga Mdomo

Habari ikimfikia Letisia, hailali. Tangu arudi kutoka Tanzania alikokulia kambini, akapata kazi kwenye kituo cha watoto wadogo Magarama, hapa mjini Gitega, wazazi wamemzoea, wanamwita Metresi, yaani mwalimu. Ukifika getini kumchukua mwanao, kabla hujamaliza salamu umeshajua alichokula, nani kamng'ata nani, na nani kagoma kuvua kofia. Wengine humtania kwamba mdomo wake hauna breki, lakini siku akiugua wanahangaika, hawajui watoto wao wameshindaje.

Kuna jambo moja tu ambalo Letisia hasemi. Mwaka wake wa kwanza alimkimbilia mama mmoja, furaha imempanda, akamwambia mwanao leo ametembea. Mama wa watu akakaa chini akalia, maana yeye alikuwa sokoni na hatua zile ameziona mtu mwingine. Toka hapo Letisia akajiwekea mwiko. Mtoto akifanya jambo kwa mara ya kwanza, yeye anaufyata mdomo, mzazi ajionee.

Sasa njoo kwa Elyse. Ana miaka minne, na alikuja na wazazi wake, Ruth na Baguma, wakitokea Uvira kulipochafuka. Tangu wavuke mpaka, mtoto hakutoa neno, si nyumbani, si kituoni. Daktari alisema masikio mazima, ulimi mzima, mngojeeni. Baguma, mfanyabiashara wa vitenge na mtu wa haraka zake, alichoka kungoja. Wiki moja alikwenda Muyinga kwa dada yake Bernadette, mwenye nyumba iliyojaa watoto, na akaamua Elyse ahamie huko, labda kelele za binamu zake zitamfungua.

Letisia hakuwa na habari ya mpango huo. Asubuhi moja wiki hiyohiyo alikuwa anagawa uji, Elyse akasogeza kikombe kitupu, akasema taratibu kabisa, "Metresi, ingine."

Jamani! Upawa nusura umtoke mkononi. Alitaka kupiga kigelegele, alitaka kutoka barabarani amshike muuza ndizi amsimulie. Badala yake akamimina uji, akasema, "Haya, kunywa," kana kwamba hakuna kilichotokea. Asubuhi nzima alikuwa anacheka peke yake, mpaka mwalimu mwenzake akamuuliza kama amechumbiwa.

Saa sita Ruth akafika, macho mekundu.

"Metresi, nimekuja kukuaga," akasema. "Kesho napeleka Elyse Muyinga kwa shangazi yake. Papa yake njo ameamua. Nguo zake nimeshafunga."

Letisia akahisi neno limemjaa kinywani. Aseme tu kwamba mtoto ameongea, na safari inakufa palepale. Lakini alipomtazama Ruth, aliyekuwa akilala na kuamka anaingoja sauti ile, akaona akisema atakuwa amemnyang'anya. Asiposema, na Elyse akinyamaza, kesho mtoto anaondoka. Akapiga moyo konde: atajaribu na uji, na ikishindikana atasema, mwiko na uende zake.

"Mama Elyse, keti kidogo. Uji umebaki, mpe wewe mwenyewe. Kikombe usikijaze. Akimaliza usimwongezee, na usimuulize kitu. Mwangalie tu."

"Metresi, mi niko na haraka. Ata maji sijateka."

"Najua, mama. Nifanyie mimi tu."

Ruth akakaa kwenye kigoda cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Elyse akanywa, akamaliza, akamtazama mama yake. Mama naye akamtazama. Letisia akageukia ukuta na kuuma pindo la kitenge chake, maana alijijua.

"Mama," Elyse akasema, "ingine."

Ruth alimimina uji ukafurika mpaka sakafuni, na bado anamimina. Kisha akatafuta simu, akapiga Muyinga, na Baguma alipopokea, akamshikisha mtoto.

"Papa," Elyse akasema.

"Mutoto wa nani huyu?" Baguma akauliza.

"Mi Elyse."

Mara wakasikia mwanaume mzima analia huko Muyinga, na sauti ya Bernadette pembeni inauliza nani amekufa. Baguma alipopata sauti alisema jambo moja tu la maana: zile nguo zifunguliwe, kesho yeye ndiye anayekuja.

Ruth akajifuta uso kwa kiganja, akamgeukia Letisia, ambaye pindo la kitenge lilikuwa bado mdomoni mwake.

"Metresi, niambie kweli. Hapa kwenu alishasemaka?"

Letisia akavuta pumzi ndefu, akatoa lile pindo.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Sasa anajibu."