Kijani Kilichorudi Mtoni

Leo asubuhi nilifungua mkebe wa misumari ulionyeshewa na mvua, na harufu ya kutu ikanirudisha kwenye kijito kilichopita chini ya nyumba yetu kijijini Kilungu.

Mawe ya kijito kile yalivaa utelezi wa kila aina: mwingine mrefu kama nywele, mwingine laini kama ngozi ya ndama, mwingine wa kahawia. Mama akifua, mimi na dada yangu tuliteleza juu yake hadi sketi zikawa za kijani. Siku moja mama naye aliteleza, akakaa majini puu, akacheka mpaka akashindwa kuinuka.

Kisha watu wakaanza kuchimba madini huko juu mlimani. Mvua iliponyesha, maji yalishuka na rangi ya kutu. Zile nywele za mawe zikaisha, viluwiluwi wakatoweka.

Miezi ikapita, ndipo dada akamwita mama kwa kelele, "Mwaitu, kijani kimerudi!"

Kweli, mawe yalikuwa yamefunikwa na utando wa aina moja tu, mzito, wa kijani kikali. Tukavua viatu.

"Tokeni huko!" mama akasema. Sabuni yake ilikuwa imekataa kutoa povu. Alinusa kiganja, akakunja uso. "Huu si ule wetu. Maji yamekuwa makali, na ni huu peke yake ulioweza kuyavumilia."

"Tutarudi lini?" dada akauliza.

"Maji yakipona," mama akajibu, akikusanya nguo bila kuzifua.

Tuliondoka tumeridhika. Mafua yetu yalikuwa yakipona kwa wiki moja, na tulidhani maji nayo ni hivyo hivyo.