Doa Ambalo Mashine Haikuliona

Mimi ni mpimaji wa dawa, na maabara nzima inaniita Mzee wa Vibao. Kibao chenyewe ni kipande cha kioo kilichopakwa unga mweupe. Nadondoshea dawa upande wa chini, nakisimamisha kwenye kimiminika kidogo, nacho kinapanda kikiburuta kila kilichomo hadi kimo chake. Mashine mpya hufanya kazi hiyohiyo ndani ya bomba, kisha inakuchorea na grafu. Siku ilipoingia nilinuna kama mke aliyeletewa mwenza.

Jana tulipima vidonge vilevile, mimi na mashine. Yenyewe ikasema ni safi. Mimi nikatia kibao kwenye chupa yenye mvuke wa iodini, unaofanya madoa yaonekane, na juu kabisa likajitokeza doa la kahawia.

"Uchafu huu hapa!" nikapayuka korido nzima. "Mashine yenu kipofu!"

Binti anayeiendesha akaja, akakiinamia kibao kwa muda.

"Baba, hebu weka kidole gumba hapo."

Nikaweka. Kikakaa sawasawa juu ya doa, na michirizi yake yote. Asubuhi nilikuwa nimeupaka upara wangu mafuta, na glavu, nilivyojiaminisha miaka yote, ni za wanagenzi.

Leo nimekikuta kibao kimetundikwa ukutani, juu ya boksi la glavu. Wageni wakiuliza, binti anawaambia kwa heshima zote kwamba hiyo ni picha yangu.