Fundi Asiyeruka Mstari

Nyumba imejaa wasomi, halafu mnaniambia niandike habari za fundi wangu mimi niliyeishia darasa la pili. Haya. Yule fundi wa video ni mwanamke mwembamba mwenye kucha fupi, na kabla ya kubonyeza chochote hufuta kidole kwenye sketi, hata kikiwa kisafi. Nilimpelekea video ya harusi ya binti yangu, pale marehemu mume wangu anapomuusia. Mdomo ulicheza, sauti hakuna. Mafundi wawili walishaniambia, "Bibi, sauti imekufa, zika." Huyu alifungua orodha ya draiva, zile njia ambazo kompyuta hupitishia sauti, akachagua ya kwanza, akainamisha sikio. Kimya. Akafuta kidole. Ya pili, mikwaruzo. Kufika ya tano nikachoka: "Mwanangu, si uruke hizo, uende ya mwisho?" Akajibu bila kugeuka, "Mama, mimi siruki mstari. Ukiuruka, ndio huohuo wenye sauti."

Ya saba, mzee wangu akakohoa kikohozi chake cha kujipa heshima, akasema, "Binti yangu, mama yako ni mbishi, ila sijamshinda hata siku moja." Nikapiga vigelegele peke yangu! Fundi akaondoa mkono kwenye mausi taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Nirudie, mama?" "Rudia, na uongeze sauti, wale mafundi wawili wasikie hukohuko waliko." Basi, nimemaliza. Sasa nyinyi mlionisumbua, nisomeeni haya kwa sauti mbele yangu, na asiruke mtu mstari.